Dripu ya Kwinini na Safari ya Dawa Ndani ya Damu

Aliyewahi kutundikiwa dripu ya kwinini hasahau masikio yake. Malaria yenyewe huenda asiikumbuke, maana wengi walifikishwa wodini wakiwa wamebebwa, wamezimia au wanaweweseka. Lakini walipozinduka walikuta mvumo umejaa kichwani na sauti za ndugu zikija kwa mbali. Kuanzia Kilifi hadi Kigoma, Mbarara hadi Bukavu, mvumo huo ulihesabiwa kuwa alama kwamba dawa imeingia. Ndugu waliokaa kando ya kitanda hawakukosea. Masikio huanza kuvuma pale kwinini inapovuka kiwango fulani ndani ya damu, na kwa miaka mingi mgonjwa wa kawaida hakuwa na kipimo kingine cha kiwango hicho ila masikio yake mwenyewe.

Ninachotaka kusimulia ni jinsi binadamu walivyokuja kukijua kiwango hicho: dawa hupanda vipi wakati dripu inatiririka, hutulia wapi, na hushuka vipi mrija ukishafungwa. Sehemu kubwa ya habari hii ni hesabu, na hesabu hizo zimeokoa watoto wengi kuliko dawa mpya nyingi zilizopigiwa tarumbeta. Wachache wanazijua nje ya vyuo vya tiba, nami naona hilo ni pengo.

Mwaka 1820, mjini Paris, Pierre-Joseph Pelletier na Joseph Caventou walitenga kwinini kutoka kwenye gome la mkwinini, mti wa milima ya Andes ambao gome lake lilikuwa likitibu homa kwa karne mbili. Kuanzia hapo dawa iliweza kupimwa kwa mizani, lakini bado ilipitia mdomoni. Mgonjwa aliyepoteza fahamu hawezi kumeza, na anayetapika hurudisha kila alichopewa. Guido Baccelli, daktari wa Roma, mji uliozungukwa wakati huo na vinamasi vya malaria, aliamua mwaka 1890 kuipeleka kwinini moja kwa moja kwenye mshipa. Wagonjwa waliokuwa hawana tumaini walianza kuamka.

Lakini mshipa ulikuja na hatari yake. Dawa ikisukumwa kwa sindano katika dakika moja au mbili, yote hujikuta ndani ya lita chache za damu kabla haijapata nafasi ya kutawanyika kwenye misuli, ini na viungo vingine. Kwa muda mfupi kiwango hupaa mara nyingi zaidi ya kile kinachohitajika, na viungo vya kwanza kuipokea damu hiyo ni moyo na ubongo. Shinikizo la damu huporomoka, mapigo ya moyo huvurugika, na mgonjwa aliyekuwa anakufa kwa malaria hufa kwa dawa. Ndiyo maana kwa vizazi kadhaa madaktari waligawanyika: wengine waliuamini mshipa, wengine waliuogopa wakachoma sindano kwenye paja ingawa ilileta majipu. Kila upande ulikuwa na wagonjwa wa kuwataja kama ushahidi, na hakuna aliyekuwa na namna ya kuona kilichokuwa kikitokea ndani ya damu.

Kwetu pia kwinini ilikuwa na historia yake. Wajerumani walipoanzisha kituo cha Amani katika Usambara Mashariki mwaka 1902, mkwinini ulikuwa miongoni mwa miti waliyoipanda. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokata njia za meli, gome la Amani ndilo lililolitibu jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck, na lilipokuwa likirudi nyuma kuelekea kusini, gome lilichemshwa na maji yake machungu yakanywewa na wazungu na askari vilevile. Kiasi gani cha kwinini kilikuwa ndani ya kikombe, na kiasi gani kilifika kwenye damu, hakuna aliyejua. Mtu alikunywa, akasubiri ama homa ishuke ama masikio yavume.

Wa kwanza kuandika sheria za mambo haya hakuwa daktari wa malaria. Alikuwa Erik Widmark, mwanafiziolojia wa Lund, Sweden, ambaye maswali yake yalihusu pombe na asetoni. Alibuni mwaka 1922 njia ya kupima pombe kwa matone machache tu ya damu kutoka kwenye kidole, jambo lililomwezesha kumpima mtu yuleyule tena na tena siku nzima badala ya kumpima mara moja na kubahatisha mengine. Mwaka 1924, akiwa na John Tandberg, alichapisha milinganyo ya kile kinachotokea dawa ikitolewa mara moja, ikitolewa kwa vipindi, na ikiingizwa mfululizo kwa kasi moja. Hali hiyo ya tatu ndiyo dripu.

Chukua pipa lenye tundu chini, kisha ulitegee bomba linalotiririka kwa kasi isiyobadilika. Mwanzoni maji ni machache na tundu linavujisha kidogo, kwa hiyo maji hupanda haraka. Kadiri yanavyopanda ndivyo yanavyojisukuma zaidi kupitia tundu, na kupanda kwake hupungua kasi, mpaka inafika mahali ambapo kinachoingia kinalingana na kinachotoka. Hapo maji hutulia. Yanaendelea kuingia na kutoka, ila kimo chake hakibadiliki.

Ndani ya mwili, tundu hilo ni kazi ya ini na figo. Kwa dawa nyingi, kiasi kinachoondolewa kila saa huwa sehemu ileile ya kile kilichopo: kikiwa kingi huondoka kingi, kikiwa kidogo huondoka kidogo. Kwa hiyo kila dawa ina muda wake wa kupungua hadi nusu, iwe imeanzia juu au chini. Hapa ndipo linapozaliwa jambo ambalo wanafunzi wa tiba hulikataa wanapolisikia mara ya kwanza. Muda huohuo wa nusu ndio unaotawala hata kupanda. Dripu ikianza leo, baada ya muda mmoja wa nusu kiwango kinakuwa kimefika nusu ya pale kitakapotulia. Baada ya miwili, robo tatu. Baada ya mitatu, asilimia 87.5, baada ya minne, karibu asilimia 94. Ukiongeza kasi ya matone maradufu, kiwango kitatulia juu maradufu, lakini muda wa kufika kwenye utulivu huo haupungui hata kwa dakika moja. Kasi ya dripu huamua urefu wa kilele. Muda wa kukifikia huamuliwa na mwili.

Pombe ilimkatalia Widmark sheria hiyo, na ni vizuri kulisema. Ini huelemewa na pombe mapema, kisha huiondoa kwa kiasi kilekile kila saa, takriban gramu 0.15 kwa kila lita ya damu, iwe mtu amekunywa chupa mbili au kumi. Hesabu hiyo inatumika mpaka leo katika kesi za madereva walevi. Kwinini na wenzake wengi, kwa bahati, hufuata njia ya pipa.

Mwaka 1937 Mswidi mwingine, Torsten Teorell wa Uppsala, alikwenda mbali zaidi. Aliona kwamba mwili si chombo kimoja. Damu ni chumba kimoja, nyama na viungo ni chumba kingine, na dawa hupita huku na huko kati yao huku ikiendelea kuondolewa. Aliandika milinganyo ya vyumba hivyo vyote katika makala mbili ambazo kwa miaka mingi hakuna aliyezijali. Madaktari waliziona ni hesabu tupu, wanahisabati waliziona ni tiba. Nikizisoma habari za Teorell huwa nasikitika, kwa sababu kila kitu kilichohitajika kuitawala dripu kilikuwa tayari kimeandikwa kabla ya Vita vya Pili, na wagonjwa walisubiri miaka 40 na ushei. Mjerumani Friedrich Hartmut Dost, daktari wa watoto, ndiye aliyeyakusanya mambo haya mwaka 1953 katika kitabu kizima kuhusu kiwango cha dawa katika damu, akaipa elimu hiyo jina la famakokinetiki.

Kilichowalazimisha madaktari kuyatumia mawazo haya ni vita. Mwezi Machi 1942 Japani iliiteka Java, kisiwa kilichokuwa kikitoa zaidi ya asilimia 90 ya kwinini ya dunia. Majeshi ya Marekani na Uingereza, yakiwa yanaelekea kupigana kwenye misitu ya malaria, yalibakiwa na dawa mbadala iliyotengenezwa na Wajerumani miaka ya 1930, mepakrini, ambayo Wamarekani waliiita Atabrine. Dawa hiyo ilikuwa na sifa mbaya. Iligeuza ngozi kuwa ya njano, ilichafua tumbo, na zaidi ya yote ilichelewa: askari alianza vidonge leo, homa ikaendelea kumtikisa kwa siku kadhaa.

Kazi ya kuichunguza ilipewa James Shannon katika Hospitali ya Goldwater Memorial, New York. Pamoja naye alikuwapo mkemia Bernard Brodie, ambaye kwa kushirikiana na Sidney Udenfriend alitafuta njia ya kuipima dawa hiyo katika majimaji ya damu kwa kuufuata mng'ao wake. Walichokikuta ndicho Teorell alichokiandika karatasini. Mepakrini haikai kwenye damu. Hukimbilia kwenye viungo, hasa ini, na kujilimbikiza humo kwa wingi usiolinganishika na ule wa kwenye damu. Vidonge vya kila siku vilikuwa vinamezwa na nyama za mwili kwanza. Mpaka viungo vishibe, damu hubaki na dawa haba, na wadudu wa malaria wamo ndani ya damu.

Tiba iliyotokana na hapo ni rahisi kuieleza, ila hakuna aliyethubutu kuitumia bila vipimo vile: siku ya kwanza toa kipimo kikubwa cha kujaza mwili, kisha endelea na kipimo kidogo cha kila siku cha kufidia tu kile kinachopotea. Homa ilianza kushuka kwa wakati. Nidhamu ya kidonge cha kila siku ikawa amri ya kijeshi, na miongoni mwa waliokimeza walikuwamo vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliopita Bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944 wakiwa ndani ya Jeshi la 14. Babu zetu hao walirudi na medali na habari za Wajapani. Wachache walijua kwamba kidonge kile kichungu kilikuwa miongoni mwa dawa za kwanza duniani kupangwa kwa kufuata kiwango cha ndani ya damu.

Baada ya vita Brodie aliugeukia upande wa pili wa mlima, yaani kushuka. Madaktari wa usingizi walikuwa wakitumia thiopentali, dawa inayomlaza mtu kabla hajamaliza kuhesabu hadi kumi na kumwachia baada ya dakika chache. Iliaminika kwamba inaisha haraka kwa kuwa mwili unaivunja haraka. Mwaka 1950 Brodie na wenzake walionyesha kwamba si hivyo. Thiopentali huvunjwa polepole mno. Mgonjwa huamka kwa sababu dawa imehama kutoka kwenye ubongo na kwenda kujificha kwenye viungo vingine, hatimaye kwenye mafuta. Akipewa kidogo, ina pa kujificha; akipewa nyingi kwa muda mrefu, maficho hujaa, na mgonjwa hulala saa nyingi akisubiri ini limalize kazi.

Kwa hiyo swali la kawaida, "dawa hii inaisha baada ya muda gani?", halina jibu moja kwa mtu aliye kwenye dripu. Jibu linategemea dripu imekwenda kwa muda gani. Mwaka 1992 Michael Hughes, Peter Glass na James Jacobs wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walilipa jambo hilo kipimo: muda wa kiwango kushuka hadi nusu, ukihesabiwa tangu mrija ufungwe, kulingana na urefu wa dripu iliyotangulia. Fentanili, dawa ya maumivu, hushuka upesi baada ya dripu fupi, lakini baada ya dripu ya saa 8 huchukua saa kadhaa. Remifentanili, iliyokuja baadaye, hushuka hadi nusu katika dakika 3 au 4, iwe imetiririka kwa dakika 10 au usiku kucha, kwa kuwa vimeng'enya vilivyomo ndani ya damu na nyama huivunja papo hapo bila kulisubiri ini.

Turudi kwenye malaria, maana huko ndiko elimu hii ilikokutana na wagonjwa maskini zaidi. Mwaka 1979 David Warrell alianzisha mjini Bangkok kitengo cha utafiti kilichoviunganisha vyuo vikuu vya Mahidol na Oxford. Yeye, Nicholas White na Sornchai Looareesuwan waliwafuata wagonjwa wa malaria kali hospitalini, wakachota damu yao saa baada ya saa huku dripu ya kwinini ikitiririka. Wakati huo desturi iliyoenea ilikuwa kuanza na kipimo kilekile cha kuendelea nacho, na wengi walisisitiza kukipunguza kwa mgonjwa mahututi kwa hofu ya kumwua.

Matokeo yao ya mwaka 1982 yalishangaza. Malaria kali hubadilisha mwili unaopokea dawa. Kwa mtu aliyepona, kwinini hutawanyika kana kwamba ana lita 2.7 za nafasi kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa mgonjwa aliyezimia, nafasi hiyo husinyaa hadi lita 1.2 hivi. Uwezo wa ini kuiondoa hupungua pia. Muda wa nusu, ambao kwa mtu mzima wa afya ni saa 11 hivi, hurefuka hadi kama saa 18. Kwa kipimo kilekile, damu ya mgonjwa hubeba dawa nyingi kuliko ya mtu mwenye afya.

Aliyesoma hapo tu angesema hofu ya wazee ilikuwa sahihi. Lakini weka muda wa nusu wa saa 18 kwenye hesabu ya Widmark: dripu ya kasi moja isiyo na kipimo cha kujaza itafika nusu ya kiwango chake baada ya saa 18, na robo tatu baada ya saa 36. Wengi wanaokufa kwa malaria kali hufa ndani ya saa 24 za kwanza. Mgonjwa anaweza kuwa na dripu nzuri, inayotiririka vizuri, yenye dawa isiyoisha muda wake, akafa kabla kiwango hakijapanda.

White na wenzake walichukua njia ileile ya Shannon. Kiwango walichokilenga kilikuwa kati ya miligramu 8 na 15 kwa lita ya majimaji ya damu. Miligramu 10 za chumvi ya kwinini kwa kila kilo ya mgonjwa zina miligramu 8.2 tu za kwinini yenyewe. Ukizigawa kwa nafasi ya lita 1.2 unapata chini kidogo ya 7, yaani chini ya lengo kwa saa 8 nzima mpaka dripu ya pili. Toa 20, unapata karibu 14. Mwaka 1983 walitangaza kwamba kipimo cha kwanza cha miligramu 20 kwa kilo, kikipitishwa taratibu kwa saa 4, huifikisha damu panapotakiwa mara moja, bila madhara makubwa waliyoyaogopa. Kisha 10 kila baada ya saa 8.

Lakini mtu mwenye afya akifikishwa kwenye 14 anaweza kupofuka au moyo wake ukayumba. Kwa nini wagonjwa hawa walivumilia? Jibu lilipatikana kwenye protini. Mwili unapopambana na homa kali hutengeneza kwa wingi protini fulani inayoikamata kwinini na kuishikilia. Kipimo cha maabara huhesabu kwinini yote, iliyoshikwa na iliyo huru, ilhali inayogusa moyo, masikio na mdudu wa malaria ni ile iliyo huru peke yake. Mgonjwa mwenye 14 ana kwinini huru ndogo kuliko namba hiyo inavyodokeza.

Ugunduzi huo uliletwa hadi pwani yetu. Kilifi, kwenye kituo kilichoanzishwa mwaka 1989 kwa ushirikiano wa KEMRI na Wellcome Trust, watafiti walilinganisha kipimo kikubwa na kidogo kwa watoto wa Kenya. Kikubwa kilisafisha wadudu na kushusha homa mapema zaidi. Mwaka 1993 Peter Winstanley na wenzake wakasisitiza kutoka hukohuko kwamba kwa mtoto wa Kiafrika ni kwinini huru inayopaswa kuongoza upangaji wa dozi.

Namba hizi zote ziliishia mikononi mwa muuguzi wa zamu. Mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 240. Kichupa cha kwinini kina miligramu 300 katika kila mililita, kwa hiyo huvutwa mililita 0.8, kiasi cha kama sehemu ya sita ya kijiko cha chai. Huchanganywa na mililita 120 za dripu ya sukari, ipite kwa saa 4. Kwa mrija wa kawaida wa matone 20 kwa mililita, hayo ni matone 10 kwa dakika. Hakuna pampu. Kuna saa ya ukutani au ya mkononi, na muuguzi anayesimama akihesabu, akiligeuza gurudumu la mrija, akihesabu tena. Mtoto akikunja kiwiko, matone husimama. Mama akimwinua kumnyonyesha, matone hubadilika. Anayeharakisha ili aipate chupa kwa ajili ya mtoto mwingine humrudisha mgonjwa kwenye hatari ya mwaka 1890. Anayesahau humwacha chini ya lengo. Sukari nayo haikuwekwa kwa kubahatisha: malaria yenyewe huishusha sukari ya damu, na kwinini huchochea kongosho kumwaga insulini, hivyo mtoto anayeonekana kuzidiwa na malaria anaweza kuwa anazimia kwa njaa ya sukari.

Nawaheshimu wauguzi hao kuliko ninavyoweza kuandika. Kipindi chote cha miaka ya 1990, dawa za vidonge zilipokuwa zikishindwa moja baada ya nyingine na wodi za watoto zikijaa wawili na watatu kitandani, waliishikilia hesabu ya Lund na Bangkok kwa macho na saa.

Hata mgonjwa akianza kupata nafuu, hesabu haikuisha. Kwa aliyeshindwa kumeza, baada ya saa 48 mwongozo ulitaka dozi ipunguzwe kwa theluthi moja, kwa kuwa dawa imekwisha kujilimbikiza na ini la mgonjwa mahututi bado halijapata nguvu. Kwa anayepona, mwili wenyewe hufanya kazi hiyo: nafasi ya kutawanyika hupanuka tena, ini huamka, protini za homa hupungua, na kiwango hushuka siku baada ya siku ingawa dozi haijaguswa.

Dawa iliyokuja kuichukua nafasi ya kwinini ilikuwa na tabia iliyopingana nayo kabisa. Artesuneti hutokana na mmea ambao Tu Youyou na wenzake walitoa dawa yake nchini China miaka ya mwanzo ya 1970. Ikichomwa mshipani hubadilika ndani ya dakika chache kuwa dihidroatemisinini, na hiyo nayo hupungua hadi nusu katika muda wa saa moja hivi. Kwa macho ya Widmark hii ni dawa isiyofaa kwa dripu. Ungehitaji kuimwaga bila kukoma ili itulie. Ila haihitaji kutulia. Huwaua wadudu wangali wachanga, kabla hawajakomaa na kujinata kwenye mishipa midogo ya ubongo, ilhali kwinini huwasubiri wakue. Kilele kimoja kikali kinatosha kwa saa 12. Muuguzi huchoma sindano kwa dakika chache, anaandika saa, anaondoka.

Mwaka 2005 utafiti uliofanywa Bangladesh, India, Indonesia na Myanmar, kwa wagonjwa 1,461, ulionyesha vifo vya asilimia 15 kwa artesuneti na 22 kwa kwinini. Afrika ilitaka uthibitisho wake. Utafiti wa AQUAMAT ulichukua watoto 5,425 katika nchi tisa, zikiwamo Kenya, Uganda, Rwanda, Kongo na Tanzania. Kwa upande wa Tanzania watoto waliandikishwa Korogwe na katika Hospitali ya Teule, Muheza, chini ya milima ileile ya Amani ambako Wajerumani walipanda mkwinini. Mwaka 2010 majibu yalitoka: asilimia 8.5 walifariki kwa artesuneti, 10.9 kwa kwinini. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaagiza artesuneti iwe dawa ya kwanza kwa watoto wenye malaria kali.

Dripu ya kwinini haikuondolewa vitabuni. Mwongozo unaibakiza kwa zahanati isiyo na artesuneti, kwa kipimo kilekile cha 20 kisha 10, na mashamba ya mkwinini ya Kivu bado yanavunwa gome. Tangu mwaka 2020 watafiti wa Rwanda, kisha Uganda, na baadaye Tanzania katika mkoa wa Kagera, wameripoti wadudu wa malaria wenye mabadiliko ya kijenetiki yanayowafanya wachelewe kufa mbele ya dawa za jamii ya artesuneti. Kwa maeneo ya Asia ya Kusini-Mashariki ambako usugu wa namna hiyo umekita mizizi, ushauri kwa malaria kali ni kutoa artesuneti na kwinini pamoja: sindano inayopanda na kutoweka ndani ya saa chache, na kando yake dripu inayojazwa kwa saa 4 ili kiwango kisishuke wakati wadudu waliosalia wanapokomaa.